Dawa ya Bakteria

Benchi letu la Kingsbury, London, liko nje ya duka la Manish, mzaliwa wa Mwanza, anayeuza viungo, mbegu na ushauri usioombwa. Jumamosi ile Manish alikuwa harusini Leicester, duka limefungwa. Mimi nilileta kahawa, na chupa ya pili ya maji ya moto ya kusuuzia vikombe. Vuai, tunayemwita Bwana Shamba kwa ajili ya kijishamba alichopewa na kaunsili, serikali ya mtaa, akaja na ndoo na pakiti ya kaki isiyo na maandishi. Maharage yake yamegeuka manjano. Kamati ya kukagua vijishamba inapita mwisho wa mwezi. Ikikuta yamekufa, kijishamba anapewa mtu mwingine, na foleni ya kupata kingine ni ya miaka.

— Manish kaniachia dawa ya bakteria, Vuai akasema. Namwagia leo.

Cosmas akaweka kikombe chini. Husukuma machela hospitalini, kwa hiyo ni Daktari.

— Dawa ya mbu huua mbu. Dawa ya panya huua panya. Hiyo inakwenda kuua bakteria.

— Na dawa ya meno? akauliza Asad.

Daktari akajipapasa meno kwa ulimi, yote aliyobaki nayo.

Vuai akatusikilizisha ujumbe wa sauti. Manish alikuwa akishindana na ngoma za harusi: "Hao ni bakteria wenyewe, Vuai bhai, wale wazuri. Wanakaa mizizini. Wana vimeng'enya vya kugeuza hewa kuwa chakula cha mmea. Changanya na maji, maji yawe..." Ngoma zikammeza.

— Vimeng'enya ndo nini? akauliza Vuai.

— Hata tumboni mwako vimo, sheikh, Daktari akasema. Ukila wali vinaukatakata. Vya hawa vinakatakata hewa.

— Hewa ya Kingsbury? Vuai akasema. Si watakula na moshi wa basi.

— Na mharage unawalipa nini? akauliza Asad.

— Unawajengea vinundu kwenye mizizi, wakae humo, Daktari akasema. Na sukari unawapa.

Asad ni Kaunsela wetu. Ameomba nyumba ya kaunsili mpaka sheria zake anazikariri.

— Mnaona? Bakteria kashuka jana, leo kapewa nyumba na posho. Mimi naambiwa nisubiri.

— Wewe huna kimeng'enya, Kaunsela.

— Basi nimeze pakiti. Nivute hewa, nishibe, niote na vinundu.

— Kwa magoti hayo, vinundu unavyo tayari.

Vuai akamimina unga wote wa pakiti kwenye ndoo. Daktari akanyoosha mkono kuomba ile chupa yangu ya pili.

— Dawa haikolei kwa maji baridi. Hata mwarobaini huchemshwa.

— Manish hakusema moto, kaka, Vuai akasema.

— Na baridi hakusema. Unaogopea nyumba zao? Wahenga wameshasema, maji ya moto hayachomi nyumba.

Hoja ilikuwa nzito. Nikatoa chupa. Vuai akamimina, akakoroga kwa kijiti.

Ndipo akafika Adelina, ametoka shifti ya kutunza wazee, akitafuta kahawa.

— Shikamooni. Mnapika nini?

— Marahaba. Bakteria, Vuai akasema. Wazuri hawa, dada. Wachapakazi. Maharage yangu yote nimewakabidhi wao.

Adelina akainama, mvuke ukampiga usoni.

— Na humu wako hai?

Daktari akamtazama Kaunsela. Kaunsela akatazama basi lililokuwa likipita. Vuai akatia kidole kwenye ndoo, akakitoa haraka, akakipuliza.