Jani la Mti wa Ochoki

Benchi letu hapa Kenyenya liko nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, na mwenyekiti wake ni mimi, Redio, ingawa hakuna aliyenipigia kura. Shule niliachia darasa la sita, mwalimu alipoona nimebakisha kidogo kumfikia. Jana asubuhi nilikuwa na Ombati, tunayemwita Daktari kwa sababu hudunga kuku sindano, na Haron, tunayemwita Nairobi kwa sababu alikaa huko kidogo na huongea kana kwamba aliijenga. Kahawa tulimiminiwa na msichana mgeni, Natasha. Shangazi yake mwenye birika alikuwa ameenda matanga. Ndipo akaja Mzee Onyiego wa kanisa la Sabato. Yeye kahawa hanywi, hupewa maji moto. Akafungua leso, akatuonyesha jani la bangi.

— Lina madoa, akasema. — Yalianza majani ya chini, sasa yanapanda.

Hatukushangaa. Kijiji kizima kilisikia siku alipomwambia mwanawe Ochoki achague kati ya ule mti na nyumba. Ochoki akachagua barabara. Mti ukabaki nyuma ya migomba, na sasa anayeumwagilia maji ni baba.

— Mogaka, akasema Nairobi, akimwita mzee kwa heshima ya Kikisii, — kahawa ni dhambi, lakini hii ni mboga?

— Sivuti, Haron. Nautunza tu. Akirudi aukute.

Daktari alilishika jani, akaligeuza, akalinusa.

— Hii ni kuhara damu. Imeua kuku wengi msimu huu.

— Mti hauna tumbo, Daktari, akasema Onyiego.

— Ndiyo maana imetokea kwa majani.

— Angalieni huku chini, nikasema. — Kuna vijidudu kama unga, na utando kama wa buibui. Mimi niliponya shamba zima la kahawa kwa kuonja udongo, wenyewe wakataka kunipa mke. Hili ni vumbi la mawe ya kuchonga, limepeperushwa kutoka Tabaka. Vijidudu vimelipanda vikaja nalo.

— Tabaka iko wapi na Kenyenya iko wapi? akauliza Daktari.

— Kwani upepo unalipa nauli?

— Nyinyi hamjui hizi vitu, akasema Nairobi. — Bangi inataka rege. Huyu mzee kila Ijumaa jioni anaenda kuiimbia nyimbo za Sabato. Itakosaje kugonjeka?

Onyiego aliweka kikombe chini.

— Huwa naimba polepole, akasema. — Na siuimbii mti. Ni vile tu nikisimama pale, naona kama yuko karibu.

Nairobi akajikuna shingo. Mimi nikaona heri turudi kwa dawa.

— Umepaka majivu?

— Nimepaka.

— Maji ya sabuni?

— Nimeosha jani moja moja. Vile mamake alikuwa anamwosha masikio.

— Basi tafuta mkojo wa mbuzi mweusi, akasema Daktari, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Natasha alikuwa anasuuza vikombe. Akainua kichwa.

— Baba, huu mti ulipandwa na nani?

— Na kijana yangu.

— Akiutunza yeye, ulikuwa unagonjeka?

— Hata siku moja. Ulikuwa kijani mpaka unaniudhi.

— Si umpigie simu, umuulize alikuwa anaupa nini?

Daktari akachungulia ndani ya kikombe chake. Nairobi akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Kinu kilinguruma, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kelele zake.

Onyiego alitoa simu mfukoni. Namba ilikuwa pale pale juu, kana kwamba huifungua kila siku na kuifunga. Kidole chake kikasimama hewani.

— Redio, wewe ndiye unajua kila kitu, akaniambia. — Nianze na madoa, ama nianze na jina lake?

Nilimnyooshea Natasha kikombe changu, nipate cha kufanya. Akainamisha birika mpaka mwisho. Halikutoa hata tone.