Kibao Kisipigiliwe Kabla Daftari Halijasomwa

Mgeni rasmi, Mzee Kimenyi, mwenyekiti wa Dusangire Imbuto, ushirika wa mbegu za viazi wa Bugeshi, wageni mliofuatana naye, wazazi wetu, na ndugu zetu mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Goma:

Karibu kwetu

Sisi wahariri wa kujitolea wa kamusi elezo ya mtandaoni, hapa Gisenyi, tunakusalimu kwa heshima. Karibu uketi, unywe chai. Chai hii tumeinunua wenyewe.

Ninayesoma ni mimi, Béata Mutoni, katibu. Kwetu mtu hafungui mdomo juu ya ukurasa wowote kabla hajataja undugu wake, maana katika mji huu ukirusha jiwe litampata shemeji yako. Basi nataja: sina undugu na wewe, Mzee, wala sifanyi kazi kwenye ushirika wako. Viazi vyenu nakula, na huwa navilipia.

Tulikotoka

Tulianza watu saba, mwaka 2019, tukitumia simu zetu. Leo tuko kumi na wanne: walimu, makarani, na akina mama wauza vitenge wanaoandika wakiwa kwenye foleni ya mpakani. Hakuna anayelipwa. Tumeandika kurasa mia mbili na kumi na moja kwa Kiswahili, na nyingi kati yake hazikuwapo kabla yetu katika lugha hii.

Sheria mbili ndizo zinazotushika. Ya kwanza, usiandike jambo ambalo huwezi kuonyesha limetoka wapi, na huko lilikotoka liwe limechapishwa, tena na mtu asiye na faida ndani yake. Ya pili, usijiandike mwenyewe, wala ndugu yako, wala anayekulipa mshahara. Kama una neno, nenda kwenye ukurasa wa majadiliano, useme wewe ni nani, uombe wengine waandike.

Kosa letu

Kabla ya kusema la mtu, tuseme letu. Mwaka juzi, alipozikwa baba yako, marehemu Rutagengwa, mwenzetu Donat Habimana alikuwa Bugeshi kwenye maziko. Msemaji wa familia alisimama kaburini akasema marehemu ndiye aliyeanzisha ushirika, mwaka 2001. Watu wote waliinamisha vichwa. Donat akauchukua ukimya ule kuwa ushahidi, akarudi mjini, akayaandika kwenye ukurasa wa ushirika.

Jamani, nani kwetu husimama kwenye maziko akapinga sifa za marehemu? Hata aliyegombana naye maisha yote hunyamaza siku hiyo. Donat ni mtu wa hapa, alilijua hilo, na sisi tuliosoma alichoandika tulilijua pia. Tukapitisha. Kosa hilo ni letu na Donat ameketi pale, halikatai.

Kilichotuudhi

Miezi mitano baadaye ushirika ukachapisha kijitabu cha maadhimisho ya kuanzishwa kwake. Sentensi ya Donat imo neno kwa neno, pamoja na mkato alioukosea. Kisha mtu mwenye jina la kubuni akaingia kwenye ukurasa wetu akakiweka kijitabu hicho kuwa chanzo. Yaani sisi tulisikia kwenu, ninyi mkanakili kwetu, na sasa ninyi mnatuthibitishia sisi. Tukamwuliza mtu huyo ni nani. Mwishowe akakiri mwenyewe, mbele ya wote, kwamba ni Bwana Nshuti, afisa habari wako, aliyeketi kulia kwako.

Tulipoweka alama ya "chanzo kinahitajika", Bwana Nshuti aliifuta. Tukairudisha, akaifuta. Mara nne. Akafuta na mistari miwili iliyokuwa na chanzo chake safi: ripoti ya mtafiti wa kilimo, iliyochapishwa mwaka 2003, isemayo kwamba ushirika huo ulianza na wanawake watano wa Bugeshi waliokuwa wakigawana mbegu. Ripoti haitaji majina. Marehemu Rutagengwa, kijitabu chenu wenyewe kinasema, aliingia mwaka 2004. Ukurasa wa tisa, Mzee. Mwandishi wenu alisahau kuusoma.

Wazee wa Bugeshi wanasema wa kwanza kati ya wale watano ni Mama Cansilde Nyirasafari. Yuko hapa, kiti cha karibu na mlango. Mjukuu wake Igihozo ni mwenzetu, na ana ruhusa zote za kuhariri. Angetaka, angeliweka jina la bibi yake kwa dakika moja. Siku ya kwanza alisema, "Huyu ni bibi yangu, mi siugusi ukurasa huu," na mpaka leo hajaugusa, hata pale mistari ile ilipofutwa mbele ya macho yake naye akalia hapa hapa mezani. Binti wa miaka ishirini na mbili asiye na mshahara ameishika sheria. Afisa anayelipwa ameikanyaga. Hilo limetukera, na hatutaki kulifunika kwa maneno laini.

Kisha ikaja barua. Ofisi yako inasema tutapewa kompyuta kumi "ukurasa ukishatulia". Tunajua mkono mtupu haulambwi. Lakini mkono uliojaa nao tusiulambe hadi ulimi ukose kazi nyingine.

Na leo mmekuja na kibao cha mlango huu: "Chumba cha Rutagengwa, Mwanzilishi wa Dusangire Imbuto." Chini yake, kwa herufi ndogo: "Kwa mujibu wa kamusi elezo." Mzee, kamusi elezo ndiyo sisi, na kwa jambo hili hatuna mujibu wowote wa kumpa mtu.

Hatumnyang'anyi marehemu sifa yake. Ghala kubwa la ushirika ni yeye aliyelijenga, na magazeti mawili yaliandika. Hilo liko kwenye ukurasa na litabaki.

Tunachoomba

Bwana Nshuti aache kuhariri ukurasa wa mwajiri wake. Akiwa na neno, majadiliano yako wazi, tutamsikiliza kama tunavyomsikiliza yeyote.

Kibao kisipigiliwe leo. Kompyuta mlizokuja nazo zibaki kwenye gari.

La tatu ndilo kubwa. Mkutano wa kwanza wa ushirika uliandikwa kwenye daftari, na daftari hilo liko katika kabati la ofisi yako. Wewe mwenyewe ulilionyesha kwa wageni siku ya maadhimisho, likiwa limefungwa. Lipeleke maktaba, wasiokuwa ndugu wa yeyote walisome na kulichapisha. Likisema Rutagengwa, tutaandika Rutagengwa, na tutakuja Bugeshi kukuomba radhi kwa magoti.

Donat alikwenda kumwomba Mama Cansilde msamaha, akamwambia yuko tayari kuliandika jina lake siku hiyo hiyo. Mama alimjibu hivi, na ametupa ruhusa ya kuyasoma maneno yake:

"Hapana, mutoto yangu. We uliamini maneno ya kwenye kaburi, sasa unataka kuamini ya mi, juu niko muzee? Usiniandike bure. Daftari iko. Mi najua ni nani aliandika mule ndani, na mukono wake. Bon, waifungue tu. Lakini waifungue nikiwa muzima."

Ana miaka sabini na sita. Tangu asubuhi ya leo ukurasa unasomeka: "Mwanzilishi: haijathibitishwa." Jina la baba yako tumeliondoa, na jina la Mama hatukuliweka. Nafasi hiyo iko wazi, Mzee, na ufunguo wa kabati uko mfukoni mwako.

Mungu akurudishe Bugeshi salama, aibariki nyumba yako, na akupe kufika ofisini kabla ya kufika nyumbani.

Ni sisi,
Wahariri wa Kujitolea wa Kamusi Elezo, Gisenyi