Alhamisi za Sista Shika

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliokuja moja kwa moja kutoka zamu, dada yetu tunayemsindikiza leo, ambaye nyumbani tulimwita Dada na hospitalini mkamwita Sista Shika mpaka jina la kwenye cheti chake likabaki la mishahara tu, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya useremala ya baba yetu, akiwa wa tatu kati ya watoto sita, na mama alikuwa akisema kwamba alikuja duniani akiamrisha, jambo ambalo sisi wadogo zake hatukuwahi kupata sababu ya kulipinga.

Elimu ya msingi aliipata kuanzia mwaka 1970 hadi 1976 katika shule iliyokuwa ng'ambo ya barabara, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi 1980, na Januari 1981 akaingia chuo cha uuguzi, ambako muhula wa kwanza aliambiwa wazi kwamba mkono wake ni mzito, basi akaja likizo na bandeji za kuazima, akatufunga sisi asubuhi hadi jioni, baba akarudi kutoka kazini na kukuta watoto wazima watatu wamefungwa vichwa, nusura azimie pale mlangoni. Alihitimu mwaka 1984, na mwaka 1988 akaongeza cheti cha ukunga.

Aliajiriwa tarehe 2 Februari 1985 katika hospitali ya mji wetu, wodi ya wazazi, na hakuondoka humo hadi alipostaafu tarehe 14 Agosti 2022. Tarehe 5 Desemba 1987 alifunga ndoa na dereva wa gari la wagonjwa, shemeji yetu aliyeketi hapa mbele, ambaye siku zile alikuwa anawapitisha hata wagonjwa wa meno kwenye mlango wa wodi ya wazazi ili mradi amwone, na wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza ni fundi wa maabara, wa pili ni mwalimu, na kitinda mimba wao ni fundi wa majokofu, ambaye mama yake alimpenda sana ingawa akiona damu anatafuta pa kukaa.

Mwaka 2003 alipelekwa semina ya wiki nzima hotelini, akarudi na cheti, mkoba na kalamu, akasema hadharani kwamba wodi ina vyeti vya kutosha kupamba kuta zote nne, lakini mzazi akianza kutoka damu kila mtu anamtazama mwenzake. Kwa hiyo, kuanzia tarehe 6 Machi mwaka huo, kila Alhamisi asubuhi, zamu zinapobadilishana, alianzisha mazoezi palepale kando ya vitanda, kwa mdoli aliyemshona mwenyewe kutoka kwenye shuka kuukuu, na wengi walinuna, maana aliyekuwa anatoka alitaka kulala, aliyekuwa anaingia alitaka chai, na posho haikuwepo. Kwa kuwa dawa zilikuwa za kuhesabu, walikubaliana kwamba kwenye mazoezi kila hatua itatamkwa tu, mtu aseme kwa sauti kwamba sindano imechomwa, mwenzake ajibu sawa, waende hatua inayofuata.

Tarehe 22 Novemba 2005 mama mmoja alijifungua salama, kisha damu ikaanza kumtoka kwa wingi, dada yetu akaita sindano ya kuzuia damu, na muuguzi kijana aliyesimama kwenye trei akajibu kwa sauti safi, kama alivyozoea kila Alhamisi, kwamba sindano imechomwa, wenzake wakajibu sawa, wakaendelea na hatua inayofuata, na damu ikakataa kukata, mpaka dada yetu alipogeuka akaona kichupa cha dawa kiko palepale kwenye trei, shingo yake ya kioo haijavunjwa, yaani hakijafunguliwa kabisa. Yule mama alipona, lakini madaktari walilazimika kumtoa kizazi, na huyo alikuwa mtoto wake wa kwanza na wa mwisho.

Kwenye kikao cha uongozi ilipendekezwa muuguzi afukuzwe na mazoezi yapigwe marufuku, na dada yetu akasimama, akasema kwamba binti huyo alifanya sawasawa na alivyofundishwa, yaani kusema, kwamba kosa liko kwenye mafundisho na aliyefundisha ni yeye, na kwamba yeye haombi msamaha bali anaomba vichupa vya maji ya sindano, ili watu wavunje shingo za vichupa kwa mikono yao mpaka mikono izoee. Daktari mkuu alimwambia apunguze jeuri, lakini mfamasia akampa katoni moja huku akilalamika, na tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kutamka hatua kabla mkono wake haujaifanya, ndipo mkaanza kumsikia akifoka “Shika! Usinisimulie, shika!”, na jina likaanzia hapo.

Yule muuguzi alikuwa amekata tamaa, amejifungia kwao, anatafuta kazi dukani, na dada yetu alimfuata nyumbani mara tatu, mara ya tatu akakaa kwenye kochi akakataa hata maji, akamweleza kwamba hakuja kumbembeleza, alikuja kumjulisha kwamba Alhamisi ijayo atakayeongoza mazoezi ni yeye, na asipotokea wodi nzima itasimama ikimsubiri. Alitokea, akaongoza, na leo ndiye mkuu wa wodi hiyo.

Mwezi Machi 2023, miezi saba tu baada ya kustaafu, aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa kwa mwaka mmoja na zaidi, na bado alikuwa anakwenda kila Alhamisi, mwanzoni kwa miguu, baadaye kwa kiti cha magurudumu, shemeji akisukuma. Alipolazwa mara ya mwisho alituambia, sisi ndugu zake, kwamba kufa hakumtishi, linalomnyima usingizi ni Alhamisi, maana hajui kama watu wanakuja kwa sababu ya kazi au kwa kumwogopa yeye, na akiondoka huenda mdoli akatupwa stoo wiki hiyohiyo. Tulimwambia asiwe na wasiwasi, akatujibu kwamba hayo ndiyo maneno ya watu wasiofanya kazi hospitalini. Alifariki Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Familia inawashukuru madaktari waliompunguzia maumivu na kumvumilia akiwasahihisha, inawashukuru majirani mliopika, mliofua na mliolala kwetu bila kuombwa, na inawaomba radhi nyote mliokaa juani tangu saa tatu mkitusubiri. Leo ni Alhamisi, tulifika hospitali mapema kuchukua mwili, tukapita wodi ya wazazi kumwita mkuu wa wodi, tukakuta zamu mbili zimemzunguka mdoli, hakuna aliyewaagiza, wengine wanalia na kufuta machozi kwa viwiko kwa sababu viganja vimevaa glavu, na mkuu wa wodi, macho mekundu, akatuambia tungoje nje hadi wamalize, kisha akawarudisha mwanzo kwa sababu mmoja alitamka kabla ya kushika. Tulingoja, tena kwa furaha, tukisikia shingo za vichupa zikivunjika moja baada ya nyingine, nanyi wafanyakazi wenzake, kwa asubuhi hiyo hatuna shukrani inayotosha.

Pumzika kwa amani, Dada, Alhamisi imefanyika.