Mama Kadi, Aliyetufundisha Kusomea Mtihani

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Mama Kadi atavua koti lake jeupe na kulitundika kwa mara ya mwisho kwenye msumari wa tatu nyuma ya mlango wa maabara ya maji. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne na miezi miwili kazini. Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike wasifu huu kwa sababu, alivyosema kwenye simu, "Mzee, waliomwona akiingia mmebaki wewe na lile jokofu la sampuli." Jokofu lilikufa mwaka jana. Nimebaki mimi, na mimi mwenyewe nimelazwa kitandani, kwa hiyo nitaandika upesi.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita, kuosha chupa. Mwezi wa tatu alimfuata mkuu wa wakati ule na daftari mkononi, akasema maji ya matangi matano hayawezi kufanana kama mapacha wiki nne mfululizo. Ikagundulika kwamba mchukua sampuli alikuwa akijaza chupa zote tano kwenye bomba moja, lililo kivulini. Mchukua sampuli alimwita Shangazi Mpelelezi mpaka alipostaafu, ila kuanzia siku ile alifika kwenye matangi yote.

Jina lililodumu ni Kadi, na halikutokana na mchezo wa karata. Bodi ya taaluma yetu huendesha mtihani wa cheti kila baada ya miaka miwili. Bila cheti hicho huwezi kutia saini ripoti ya maji wala kupanda cheo. Wengi wetu tuliusomea kama watu wanaopaka ukuta rangi: kalamu ya njano hapa, ya kijani pale, mpaka kitabu kizima kinang'aa na kichwani hamna kitu. Yeye alikata maboksi matupu ya karatasi za kuchujia, akapata vipande vya ukubwa wa kiganja. Upande mmoja swali, upande wa pili jibu. Alifunga kitabu kwanza, akajibu kwa sauti, ndipo akageuza. Kadi aliyoipata iliingia mfuko wa kulia wa koti, akairudia baada ya wiki. Aliyoikosa iliingia mfuko wa kushoto, wakakutana tena kesho yake asubuhi kabla ya chupa ya kwanza.

"Kusoma kitu unachokielewa ni raha," aliwaambia waliokuja kujifunza, "lakini raha si kukumbuka. Funga kitabu tuone umebaki na nini."

Alikuwa pia na daftari la makosa. Kila swali lililomshinda katika karatasi za miaka iliyopita aliliandika pamoja na sababu: sikujua, nilifanya haraka, au sikulisoma swali lenyewe. Alipowapa wenzake daftari kama hilo, wengi waliona aibu, maana sababu ya tatu ndiyo iliyojaza kurasa. Aliwafanyisha mtihani mzima mbele ya saa ya mezani, bila chai na bila kunyanyuka. Wiki ya mwisho hakuruhusu somo jipya. Siku ya kuamkia mtihani aliwanyang'anya vitabu na kuwafukuza wakalale. Fundi wa pampu, aliyeapa kwamba yeye na hesabu ni paka na panya, alirudi na cheti akakiweka juu ya mizani. "Mama, kipime kama ni cha kweli," alisema, "maana hata mke wangu haamini."

Watumishi thelathini na saba wamepata cheti kwa njia hiyo. Nimewahesabu kwa majina, nikiwa nimelala.

Lakini kila aliyefaulu alihama. Mmoja alipelekwa kituo kingine, mwingine akapewa ofisi ya ghorofani yenye pazia. Walirudisha kadi kwenye mfuko wa plastiki, wakashukuru, wakaahidi kupita siku moja. Saa ya chakula Mama Kadi alirudi kwenye meza ndefu ya chumba cha chupa, peke yake. Kwa miaka kadhaa hakuwa na wa kumuuliza maswali, basi aliziegemeza kadi kwenye chupa za sampuli, akajiuliza na kujijibu. Mpishi wa kantini alimkuta siku moja akatoka mbio. "Jamani, mwenzenu anabishana na chupa," alitangaza, "na chupa zinashindwa!" Tulicheka sana. Hakuna aliyechukua sahani yake akaenda kukaa naye. Mimi nilijua kiti cha mbele yake kiliachwa wazi na nani, nami nilicheka kuliko wote.

Hapa ndipo wasifu wa kawaida ungeorodhesha vyeo vyake. Hana. Anastaafu akiwa mpimaji wa daraja lile lile alilofikia mwaka wake wa kumi, na wafanyakazi vijana wameniuliza mara nyingi imekuwaje. Nilikuwa nikijibu kwamba hakupenda makuu. Nilisema uongo.

Katika mwaka wake wa tatu tulikuwa watahiniwa wawili, yeye na mimi, na nafasi ya mkuu wa maabara ilikuwa wazi. Nilikuwa na miaka arobaini na mitano na nilikwisha kuanguka mara mbili. Yeye ndiye aliyenionea huruma. "Kaka, hizo rangi zako uachie ukuta," aliniambia, akanigawia kadi. Kila saa ya chakula tulikaa mkabala, akaniuliza, nikamuuliza. Kwa mara ya kwanza maishani mambo yalikaa kichwani mwangu.

Kazi ya kuchukua barua za maabara kwenye masijala ilikuwa yangu. Miezi miwili kabla ya mtihani uliletwa waraka wa bodi: sura mbili nzima zimeondolewa, na nusu ya alama sasa ni hesabu za dozi ya klorini na ya shabu ya kutuamisha tope. Waraka ulituhusu sote wawili. Niliukunja nikautia mfukoni. Nyumbani nilitengeneza kadi mpya kwa njia yake, za hesabu tupu. Kazini nilikaa mbele yake kila siku kama kawaida, nikamuuliza zile sura mbili, maswali niliyojua hayatatoka. Aliyajibu yote. Nilimwambia, "Safi sana, dada."

Nilifaulu, yeye akaanguka. Nilikuwa mkuu kwa miaka kumi na mitano. Siku matokeo yalipobandikwa niliacha kula chumba cha chupa, kwa kuwa sikuweza kumtazama. Yeye alidhani cheo kimenipanda kichwani. Miaka miwili baadaye alirudia mtihani, akasoma na zile chupa, akapata alama za juu kuliko mtahiniwa yeyote wa bodi mwaka ule. Kiti cha mkuu nilikuwa nimekwisha kukikalia. Kisha wakubwa wakaniuliza watu wa maabara yangu wanafauluje hivi, nikachapisha maelekezo ya kadi na daftari la makosa, nikayatia fremu. Bado yako ukutani karibu na mlango wa stoo. Kichwa chake kinasema Njia ya Mkuu, na chini yake pana saini yangu. Alipita mbele ya fremu ile kila asubuhi, akafundisha watu njia yake mwenyewe chini ya jina langu.

Kilichonikosesha usingizi si fremu. Kila alipompokea mwanafunzi mpya alianza kwa kusema, "Mimi ni mzito wa kichwa, nilianguka, kwa hiyo usione aibu mbele yangu." Kwa miaka thelathini na moja amewaambia watu hivyo akiamini. Mimi nilikuwa nikisikia kutoka ofisini kwangu, mlango ukiwa wazi, na neno moja tu lingetosha.

Jumanne iliyopita nilimpigia simu, maana haikufaa aisome habari hii ukumbini siku ya kuagwa, pamoja na wageni. Nilimsimulia yote kwa mfululizo kabla pumzi haijaniishia. Nilisikia bomba la chumba cha chupa likitiririka, kisha likafungwa.

"Kwa hiyo siku ile sikuwa mjinga," alisema.

"Hukuwa, dada. Hukuwa hata siku moja."

"Basi andika. Na usipunguze." Akakata simu. Hajapiga tena.

Sijapunguza. Nimemwandikia mkurugenzi barua, pamoja na nakala ya ule waraka ambao nilishindwa kuuchoma, nikimwomba ayaandike upya maelekezo ya ukutani kwa jina la mwenyewe, na alitazame upya daraja lake kabla mafao yake hayajafungwa. Barua imepokelewa. Wale thelathini na saba nawaomba Ijumaa mje, mlioko mbali na mlioko ghorofani. Mlimwahidi kupita siku moja.

Mama Kadi, kwa niaba ya maabara nzima tunakushukuru kwa kazi safi, kwa maji yaliyopimwa kweli na kwa vichwa ulivyovifungua. Mstaafu huulizwa atafanya nini na siku zake. Naambiwa umejibu kwamba dada yako ametayarisha chumba chenye madirisha mawili, na kwamba unataka kusoma vitabu visivyo na mtihani. Visome polepole, hata kwa kalamu za rangi ukipenda. Afya iwe nawe, na kila mlo upate mtu wa kukaa mbele yako.

Mimi sitakuwepo ukumbini, na hujaniambia kama umenisamehe. Usinijibu kwa kunihurumia tu kwamba naumwa. Jibu ukiwa tayari, au usijibu, na uende salama.