Anatafutwa Mratibu

Benchi letu liko ubavuni mwa jengo la ghorofa, pale ukuta unapokunja kona na kivuli kinapokaa mpaka alasiri. Mguu wake mmoja ni mfupi, tumeuwekea tofali, na anayekaa upande huo hujifunza kubisha kwa adabu, maana akirusha mikono benchi linammwaga. Cherehani yangu iko hapohapo ukutani. Kazi yangu ni kushona, lakini masikio nayo hayana likizo. Wenye benchi ni watatu. Rufaa alikuwa karani wa mahakama mpaka akastaafu, na hajawahi kukubali hukumu ya ubishi wowote: ukimshinda leo, kesho anakuja na rufaa. Shemeji ni mshenga, ameozesha nusu ya mtaa, na hakuna anayejua ni shemeji wa nani. Mama Birika ndiye mwenye kahawa, kwa hiyo neno la mwisho ni lake. Siku hiyo alikuwepo pia mgeni mmoja, bwana mtu mzima mwenye mvi za kwanzakwanza. Alikuwa ameniletea suruali ya suti niifupishe, na kwa kuwa hakuja na nyingine, alikaa kwenye kigoda nyuma ya cherehani, kajifunga shuka langu kiunoni, kimya kama mtu aliyekopeshwa heshima. Ndipo mpwa wake Rufaa, tunayemwita Afisa kwa sababu ni afisa ajira wa kampuni moja huko juu, aliposhuka ngazi za jengo akaja kukaa upande wa tofali.

Afisa: Shikamooni.

Rufaa: Marahaba, mwanangu. Mbona uso haujapigwa pasi leo?

Afisa: Ameondoka tena, Mjomba.

Shemeji: Nani, mume?

Afisa: Mume gani, Shemeji? Mfanyakazi. Yule mratibu niliyemwajiri juzijuzi. Ni wa tatu huyu.

Mama Birika: Wote wanakwenda wapi?

Afisa: Ningejua ningewafuata. Wa kwanza aliaga vizuri, na keki akatununulia. Wa pili alitoka kwenda kula mchana, koti lake liko kwenye kiti mpaka leo. Huyu wa tatu amesema mama yake mgonjwa, na mama yake ndiye aliyenipigia simu kuuliza kama mwanawe amefika kazini.

Rufaa: Na Mkurugenzi anasemaje?

Afisa: Anasema kesho nifanye intavyuu nyingine. Na kwa kuwa mimi mwenyewe bado niko kwenye majaribio, ameniambia: "Huyo wa nne akiondoka, mshike mkono, muondoke pamoja."

Nilimhurumia binti wa watu. Tulimwona mwaka mzima akipanda ngazi zile na bahasha kwapani kutafuta kazi, kabla hajapewa kazi ya kuwapa wengine kazi. Siku aliyoipata, Mama Birika aligawa kahawa ya bure, jambo ambalo halijatokea tena.

Rufaa: Kesi haisikilizwi bila hati ya mashtaka. Tusomee tangazo.

Afisa alitoa simu akasoma kwa sauti ya ofisini.

Afisa: "Anatafutwa Mratibu Mwandamizi wa Uratibu. Mwombaji awe mtu wa kujituma, mwenye uzoefu—"

Mama Birika: Hapohapo, simama. Nani?

Afisa: Mwombaji.

Mama Birika: Sasa mwanangu, umepiga mbiu kuwaita waombaji, halafu unashangaa wakishapata wanaondoka? Mwombaji hakai mlango mmoja!

Shemeji: Na tena wa kujituma! Mtu ukimtuma wewe, lazima arudi akupe jibu. Huyu anayejituma mwenyewe arudi kwa nani? Yule wa koti alijituma kwenda kula, mpaka sasa anasubiri ajiagize kurudi.

Rufaa: Napinga. Nyote wawili mmekosea kifungu. Kosa liko kwenye neno "mratibu".

Afisa: Lina nini, Mjomba?

Rufaa: Mratibu, taratibu. Husikii? Ni mtu wa mambo ya taratibu. Nyie mnaniokotea hawa vijana wa mbiombio, ngazi wanapanda mbilimbili. Mwepesi wa kupanda ni mwepesi wa kushuka. Kesho kaa dirishani. Yule atakayepanda pole, anapumzika kila kona, anashika ukuta, huyo ndiye mratibu wako.

Afisa: Na kama ni mgonjwa?

Rufaa: Vizuri zaidi. Mgonjwa hatoroki.

Shemeji alicheka mpaka benchi likayumba, Afisa akashika tofali kwa mguu. Halafu Shemeji akajiweka sawa, maana zamu yake ilikuwa imefika na alikuwa ameisubiri.

Shemeji: Sikiliza, dada. Kuajiri ni kuposa, na kuposa naijua mimi. Siri ni moja, kusifia. Nikienda ukweni siwezi kusema bwana harusi anakoroma. Nasema, "Kwake hakuna upweke hata usiku."

Afisa: Ndivyo nilivyofanya! Niliwaambia kampuni yetu ni familia moja, mazingira rafiki, nafasi za kukua.

Shemeji: Ehee! Na wakakubali?

Afisa: Walikubali siku hiyohiyo.

Shemeji: Basi wewe ni mshenga kamili.

Mama Birika: Hebu tuambie, kati ya ndoa ulizofunga, ngapi zimesimama?

Shemeji: Kazi ya mshenga inaishia mlangoni, Mama. Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mama Birika: Na hiyo inahusiana vipi?

Shemeji: Ndiyo maana nimenyamaza.

Mama Birika aliona bora ashike usukani mwenyewe. Akammiminia Afisa kikombe, moshi unapanda.

Mama Birika: Tupa maswali yako yote ya "unajiona wapi baada ya miaka mitano". Mtu atajiona wapi, na hata kesho haioni? Mpe kahawa ya moto, umtazame. Anayepuliza ni mwoga. Anayekunywa ikimchoma akajikaza, huyo ataficha makosa. Anayesubiri ipoe, huyo mvumilivu, mchukue.

Rufaa: Na asiyekunywa kahawa?

Mama Birika: Huyo mfukuze.

Rufaa: Mimi nakata rufaa. Kahawa si kiapo. Mlete mtu, mwapishe, halafu ita mashahidi. Wale wadhamini anaowaandika mwenyewe wana faida gani? Miaka yote mahakamani sijaona mshtakiwa aliyekuja na shahidi wa kumkandamiza. Anaandika rafiki zake! Wewe mwite mama mkwe wake. Mama mkwe akisema jema moja tu, ajiriwe bila mjadala.

Afisa: Na ambaye hajaoa?

Shemeji: Aje kwangu kwanza.

Hapo Afisa alitabasamu, lakini tabasamu lile lilikuwa la kutupa heshima tu. Kahawa alikuwa hajaionja. Wenzangu hawakuliona hilo, walishapata moto.

Shemeji: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Angusha kalamu chini ya meza katikati ya intavyuu. Atakayeinama kuiokota, mpe kazi.

Mama Birika: Na atakayeinama akaitia mfukoni?

Shemeji: Mpe ya uhasibu.

Rufaa: Mnazunguka tu. Tatizo si kuingia, tatizo ni kutoka. Ng'oa kibao cha kampuni mlangoni. Toa mishale yote. Usimwambie mtu ofisi ni ghorofa ya ngapi. Atakayefika kwa kubahatisha, huyo amekwisha.

Afisa: Amekwisha kivipi?

Rufaa: Kama hajui alivyoingia, atajuaje pa kutokea?

Mama Birika mwenyewe aliguna kwa kuikubali. Shemeji aliitafuta methali ya kuishinda, akaikosa. Rufaa alipoona kesi inamwelekea, akasimama kuifunga, kama alivyowaona mawakili wakifanya.

Rufaa: Kwa kumalizia. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa nini jembe? Kwa sababu mwenye jembe mkononi hawezi kubeba begi. Nyie mliwapa?

Afisa: Tuliwapa kiti cha kuzunguka, kompyuta, na kitambulisho chenye kamba.

Rufaa: Umeona! Kiti kinazunguka, mtu naye akazunguka nacho, akajikuta uso umeelekea mlangoni.

Ndipo nyuma ya cherehani ikasikika sauti. Tulikuwa tumeshamsahau yule bwana wa shuka.

Mgeni: Samahani, wakubwa. Sikutaka kuingilia. Huyo mratibu, asubuhi akishafika, akakaa kwenye hicho kiti, anafanya nini?

Mama Birika: Anaratibu.

Mgeni: Anaratibu nini?

Mama Birika: Uratibu. Si umesikia tangazo?

Mgeni: Nimelisikia, Mama.

Mama Birika alimgeukia Shemeji. Shemeji alisema hilo ni neno la kisheria. Rufaa alisema si la kisheria hata kidogo, akatazama viatu vyake. Mwishowe wote wakamtazama Afisa, nami nikamtazama, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

Afisa: Anaratibu shughuli za... anahakikisha kwamba uratibu wa idara... Ngoja kwanza.

Akaweka kikombe chini. Akampigia Mkurugenzi, akafungua spika, tukamsogelea wote kama simu ile ni jiko.

Afisa: Samahani, Mkurugenzi. Huyu mratibu tunayemtafuta, kazi yake hasa ni nini?

Mkurugenzi: Kwani wale watatu walikuwa wanafanya nini?

Afisa: Ndiyo nakuuliza.

Mkurugenzi: Basi huyo wa kesho atatuambia. Ndiyo maana nikataka mwandamizi.

Simu ikakatika. Afisa alibaki ameitazama, macho yamemlowa, na sikujua kama ni aibu au hasira.

Afisa: Mimi nilikuwa nalala nikijiuliza nimewakosea nini watu wale. Kumbe hawakuikimbia kazi, Mjomba. Hawakuikuta.

Rufaa alifungua mdomo. Tulimngoja. Akaufunga. Tangu nimjue, hiyo ndiyo hukumu pekee aliyoiacha ipite.

Afisa: Bwana, na wewe swali hilo umelitoa wapi?

Mgeni akasimama, mkono mmoja umeshika shuka, mwingine ameunyoosha kusalimia.

Mgeni: Mimi ndiye wa kesho. Nimelisoma hilo tangazo mpaka nimelikariri. Mke wangu akiniuliza ninakwenda kuomba kazi gani, namwambia ya ofisini. Nikasema nifupishe suruali kwanza, pengine jibu liko ndani ya ofisi.

Afisa alimtazama kuanzia mvi mpaka shuka, akaangua kicheko cha kweli, kile chetu cha zamani. Kisha akajifuta macho.

Afisa: Kesho usipande ngazi mpaka nikupigie. Mimi narudi juu sasa hivi. Mkurugenzi ataniambia hiyo kazi ni ipi, nitaiandika kwa maneno ambayo hata mkeo ataelewa. Kama haipo, tangazo naliondoa.

Mama Birika: Na akikuondoa wewe?

Afisa: Nitakuja kukaa upande wa tofali.

Akaondoka. Alipofika mlangoni mwa jengo, tulimwona anapanda ngazi mbilimbili.

Rufaa: Mwepesi wa kupanda...

Mama Birika: Nyamaza, Rufaa.

Shemeji alinyoosha kikombe, Mama Birika akainamisha birika, likatoa tone moja na mchanga wa kahawa. Yule bwana alikuwa bado amesimama, anayaangalia madirisha ya juu.

Mgeni: Sasa fundi, hiyo suruali unaimalizia, au tusubiri kwanza?

Wote wakanigeukia. Nikaiinua suruali kutoka kwenye cherehani, nikaona kwamba kwa kusikiliza mno nilikuwa nimeushona mguu wa kulia mdomo wote, hauna pa kutokea.