Gari la Afya, Mafuta ya Polisi

BULLE: Haloo? Nani huyo? Sema kwa nguvu, upebo iko mingi!

WILKISTER: Bulle, ni mimi, Wilkister, wa kamati ya dawa za kulevya. Asalaam aleikum.

BULLE: Waaleikum salaam, madam! Garissa iko aje?

WILKISTER: Garissa gani? Niko hapa kwenu Habaswein, uwanjani. Hema limesimama, spika zinaliza watu masikio, kila mtu amefika isipokuwa wewe. Uko wapi?

BULLE: Niko karibu.

WILKISTER: Karibu na nini?

BULLE: Karibu na kisima. Kule barabara ya Wajir.

WILKISTER: Kule nje kabisa? Bulle! Mgeni wa heshima ametoka Nairobi, yuko njiani na msafara wake. Kwenye ratiba, maombi yakiisha ni wewe. Imechapishwa: “Ushuhuda wa Bulle, aliyeacha vidonge.”

BULLE: Madam, leo haiwezekani. Niko na ngamia hapa.

WILKISTER: Na nini?

BULLE: Ngamia. Imegonjeka. Nimelala na yeye hapa nje, siwezi kuacha.

WILKISTER: [Anavuta pumzi.] Bulle, nisikilize. Serikali inasema tupigane na hii kitu pamoja. Sawa. Mimi ndiye wa kuwaleta pamoja. Afya, polisi, elimu, machifu, maimamu. Nauliza kwa grupu ya wasap, nani analeta nini? Wananijibu “Jumaa Mubarak.” Leo ndiyo mara ya kwanza nawaona wote mahali pamoja, wamekaa, wanakunywa soda. Na wewe unaniletea habari ya—

BULLE: Wote wako hapo?

WILKISTER: Wote.

BULLE: Hata daktari?

WILKISTER: Daktari Saynab huyu hapa, anajipepea na ratiba.

BULLE: Na chifu?

WILKISTER: Chifu Abdiwali anapanga viti. Mbona unani—

BULLE: Madam, hii ngamia imesema ndiyo.

WILKISTER: Imesema?

BULLE: Imekubali kwenda. Saa hii imekubali. Jana pia ilikubali, halafu magharibi ikakataa, ikataka kurudi sokoni. Sasa imekubali tena. Nikitoka hapa, walaahi, sitaipata.

[Laini inakwaruza.]

WILKISTER: Bulle.

BULLE: Naam, madam.

WILKISTER: Hiyo ngamia iko na miguu mingapi?

BULLE: Mbili.

WILKISTER: Na inatusikia?

BULLE: Imesimamisha masikio yote.

WILKISTER: [Kwa sauti ya chini] Ni nani?

BULLE: Ni wa kwa mama mdogo.

WILKISTER: Yahye? Yule wa duka la simu?

BULLE: Duka iliisha, madam. Yote imeisha.

WILKISTER: Vidonge?

BULLE: Fidonge, na ile dawa ya kikohozi. Njia ile ile yangu.

WILKISTER: Na mama yake anajua?

BULLE: Mama amesema nikimrudisha hivi hivi, nisimrudishe.

WILKISTER: Haya. Haya. Ngoja nifikirie. Kitanda kiko, kule kituo cha Garissa. Kitanda huwa hakikosekani. Kinachokosekana ni barua ya chifu, barua ya daktari na gari, vyote siku moja. Mtu akipata ya tatu, ile ya kwanza imepitwa na muda, na mgonjwa ameshatoroka.

BULLE: Si ndiyo nauliza, wote wako hapo?

WILKISTER: Wewe! Kumbe ulikuwa unanipeleka polepole tu! Usikate. [Kando] Chifu Abdiwali! Acha viti, njoo na muhuri! Sasa hivi, ndiyo! Daktari Saynab, samahani mama, weka soda chini, nakuhitaji. [Kwenye simu] Bulle, nakutumia gari la polisi, lina mafuta na li—

BULLE: Hapana! Hapana, abaayo, dada yangu, si bolisi! Akiona ile gari atakimbia mpaka Diff, kule mpakani!

WILKISTER: Basi la afya. Lo, la afya tangi ni kavu. Na limebeba makochi ya mgeni.

BULLE: Makochi?

WILKISTER: Mekundu, ya kuazima. Ngoja. [Kando] Inspekta Murithi! Naomba mafuta. Hapana, gari baki nalo, nataka mafuta peke yake. Utanifunga kesho. Asante! Mwiti, dereva wangu, shusha hayo makochi. Hayo hayo. Weka hapo mchangani.

BULLE: Madam, nasikia watu wanapiga kelele.

WILKISTER: Ni itifaki, inalia.

BULLE: Sasa mgeni atakaa wapi?

WILKISTER: Kiti cha plastiki, kama wazazi.

BULLE: Watakufukuza.

WILKISTER: Watanihamishia Tarbaj.

BULLE: Tarbaj si mbaya. Maziwa ni tamu.

WILKISTER: [Anacheka.] Haya, basi nitakunywa.

BULLE: Madam, anataka simu. Chukua, waryaa, wewe kijana. Sema.

YAHYE: Haloo.

WILKISTER: Yahye. Ni Wilkister.

YAHYE: Huko ni jela?

WILKISTER: Si jela. Ni wodi. Kuna uji, kuna daktari, kuna usiku mbaya mwanzoni. Sitakudanganya.

YAHYE: Bulle alikaa huko?

WILKISTER: Alikaa mpaka akapona. Hajakuambia?

YAHYE: Hajaniambia kitu. Ananilinda tu kama mbuzi. Nikienda, halafu nishindwe?

WILKISTER: Tutakutafuta tena.

YAHYE: Na makochi mtashusha tena?

WILKISTER: Umesikia! [Anacheka.] Tutashusha. Mpe Bulle.

BULLE: Naam?

WILKISTER: Barua zote mbili zimepigwa muhuri, Mwiti anazo. Utaenda naye mpaka Garissa?

BULLE: Nitaenda mpaka kitanda.

WILKISTER: Na ule ushuhuda wako, ulikuwa umeuandaa?

BULLE: Niliandaa. Nilisemea ngamia, zile za kweli. Lakini watu mia... niliogopa sana, madam.

WILKISTER: Na mtu mmoja? Garissa ni mbali, njia ni ndefu.

[Upepo.]

BULLE: Mmoja, naweza.

WILKISTER: Haya. Simu yangu inalia tititi, salio linaisha. Na kule naona vumbi, nafikiri ni msafara wa mgeni. Mwiti ameshatoka, unamwona?

BULLE: Gari nyeupe? Inakuja! Inaruka kama swala! Madam, yeye ame— ngoja—

WILKISTER: Ame nini? Bulle? Amekimbia?

BULLE: Amesimama. Amejifuta suruali. Anaenda kwa gari, mimi nimebaki nyuma!

WILKISTER: Basi kimbia, umfuate! Kimbia, mgeni anashuka na mimi sina pa kumka—

[Salio limekwisha.]