Miaka Thelathini na Mmoja ya Mama Tshiela kwenye Njia ya Kasonswe

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2001, Mama Tshiela Yolande anastaafu kazi ya kuongoza wageni katika Shirika la Safari za Mitumba, hapa Kolwezi, baada ya miaka thelathini na mmoja. Hadi mwaka huu faili lake la ofisini lilihesabu miaka ishirini na minane na miezi mitano. Pengo hilo lina sababu yake, na mkurugenzi wetu mpya ameniruhusu niieleze katika jarida hili badala ya kuiacha izikwe chini ya hotuba na soda. Mimi ni Kalumba Omer, karani wa ofisi. Nimefanya kazi naye tangu 1979, na mimi mwenyewe nimo ndani ya sababu hiyo.

Alianza Julai 1970. Baba yake aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kufanya kazi mgodini. Yeye alizaliwa Kolwezi, akasoma kwa masista, akaajiriwa kwetu kupiga taipu. Siku moja kiongozi wa safari akashikwa na malaria, na wageni wako stesheni na mizigo yao. Mama Tshiela akaifunika taipu, akachukua tiketi na kwenda nao. Hakuifunua tena.

Wageni wetu wa miaka ile walikuwa mainjinia na familia zao, walimu na mapadri, watu walioijua Lualaba kwa mashimo yake tu. Yeye aliwapeleka wasikodhania: gari moshi hadi Tenke, jingine hadi uwanda wa juu wa Biano, kisha kwa miguu siku moja na nusu mpaka Kasonswe, kijiji cha mlimani ambako kila Juni mtama mpya hauliwi mpaka ngoma ichezwe siku tatu. Kule juu baridi ya Juni hugandisha umande kwenye nyasi, na mgeni aliyeacha blanketi Kolwezi huiona thamani yake.

Alikuwa na masharti. Siku ya kwanza hakuna picha. Kila mgeni abebe chumvi ya kuwapa wenyeji. Na mtu asiulize maana ya ngoma kabla hajaicheza. Injinia mmoja, mtu mwenye cheo na tumbo, alikataa kucheza akisema magoti yanamwuma. Mama Tshiela hakubishana naye. Alimtafutia kigoda katikati ya vikongwe wa kijiji, ambao wote magoti yao yalikuwa yamekwisha, na wote walikuwa wakicheza wakiwa wamekaa, kwa mabega. Haikupita saa moja, mabega ya injinia nayo yakaanza. Alirudi Kasonswe miaka sita mfululizo.

Halafu mambo yakaharibika. Mwaka 1990 mgodi mkubwa wa chini ya ardhi uliporomoka. Mwaka uliofuata ukaja uporaji, mainjinia wakaondoka, maduka yakafungwa. Mwaka mzima wa 1992 tulipata wageni tisa. Na mwaka huo huo ndipo majirani walipoanza kuulizana asili. Watu wa Kasai, waliozaliwa hapa na kuzikia wazazi wao hapa, wakaanza kuitwa wageni.

Machi 1993 vijana waliingia ofisini kwetu mchana, wakataka kujua nani anatoka Kasai. Mkurugenzi wa wakati ule aliwaonyesha orodha ya wafanyakazi. Jina la Kasai lilikuwa moja. Mama Tshiela alisimama, akaniwekea mezani ufunguo wa stoo ya vifaa.

"Omer," aliniambia, "mi nilizaliwa hapa hapa ku Kolwezi. Kule banasema ni kwetu, mi siyue ata njia yake."

Niliutia ufunguo mfukoni. Katika faili lake pakaandikwa kwamba ameacha kazi kwa hiari yake. Mwandiko ni wangu.

Yeye na mumewe, Tata (Baba) Tshimanga, fundi wa kuchomelea vyuma, walifika stesheni na kukuta maelfu ya watu wakingojea gari moshi lisilojulikana litakuja lini. Mvua za Machi zilikuwa zinanyesha. Kesho yake alimtuma mwanamke mmoja kwangu kuomba mahema ya safari. Yalikuwa kumi na moja stoo, hayana kazi. Nilimwambia yule mwanamke kwamba ufunguo anao mkurugenzi. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Niliogopa kuonekana nikiwasaidia.

Nilikaa na uongo huo siku nne. Siku ya tano, asubuhi, nilikopa mkokoteni na kuyapeleka mahema yote stesheni. Nilimkuta Mama Tshiela amekwisha kuipanga ile kambi kama alivyokuwa akipanga wageni mlimani: vyoo upande ambao upepo unaelekea ukitoka kwa watu, maji ya kunywa mbali na ya kufulia, familia kumi kwa jiko moja, na kila jiko na mama wa kulisimamia. Watu waliokuwa wakigombania maji jana yake walikuwa wamesimama mstari. Alipokea mahema bila kuniuliza nimechelewa wapi. Nilijua baadaye, kwa mtu mwingine, kwamba mama mmoja kijana, Ndaya, alikuwa amejifungua pale kwenye saruji, mvua ikimnyeshea, na mtoto alikuwa amekwisha kufa.

Gari moshi lilikuja baada ya wiki tano. Mama Tshiela alipanda mwisho, baada ya watu wa majiko yake yote.

Juni ile mkurugenzi aliniagiza niongoze mimi wageni watatu tuliobaki nao, masista wawili na daktari mmoja, tukapanda Kasonswe. Chifu Mwenze alitutazama tukifika, akatazama nyuma yetu kwenye njia.

"Mama yetu iko wapi?"

"Anagonjwa, Tata," nilisema.

Akaagiza akamatiwe kuku, niende naye Kolwezi akapikiwe mgonjwa. Walimfunga miguu, wakamweka karibu na mzigo wangu. Asubuhi, kabla ngoma hazijaota moto, nilikwenda kwa chifu.

"Tata, nilikudanganya. Hagonjwe. Balimufukuza."

"Nani?"

Ningeweza kusema vijana. Ningeweza kumtaja mkurugenzi.

"Sisi," nilisema.

Chifu hakupandisha sauti.

"Basi murudie kwenu. Sisi tutacheza, mutama hautangoja. Lakini hapana na wageni benu. Siku yee mwenyewe atakuya, njo mutakuya nyuma yake."

Daktari na masista walielewa bila kutafsiriwa. Tulishuka siku hiyo hiyo. Kwa miaka mitatu, Kasonswe haikupokea mgeni kutoka ofisi yetu, na mkurugenzi alipotaka sababu kwa maandishi, nilimwandikia maneno ya chifu kama yalivyo.

Nilimtafuta Mama Tshiela kwa barua nilizowapa wafanyakazi wa reli. Ya nne ndiyo iliyompata, Mwene-Ditu, mji wa Kasai ambao hakuwahi kuuona kabla ya gari moshi lile kumshusha. Ndugu za baba yake walimpokea vizuri, ila watoto walikicheka Tshiluba chake, lugha ya huko. Tata Tshimanga alikwisha kufariki mwaka 1994, kwa homa, akazikwa haraka na watu ambao hawakumjua. Nilimwandikia kwamba mkurugenzi yule ameondoka na kwamba kazi yake ya zamani inamngoja. Nilimwandikia pia alichosema Chifu Mwenze. Oktoba 1995 aliingia ofisini na mfuko mmoja, akatusalimia mmoja mmoja kwa jina, akauliza ratiba ya Juni.

Juni 1996 tulipanda wawili tu, bila wageni; alitaka iwe hivyo. Kwenye kilima cha mwisho, tulipokaa kupumzika, nilimwambia habari ya ufunguo. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu, na hakuacha.

"Nilijua," alisema. "Ule mama aliniambia aliona mukono yako mu mufuko."

Nikamwambia nimejua habari za mtoto wa Ndaya.

"Alikufa siku ya tatu. Siwezi kukuambia haikukuwa juu yako. Siyue. Lakini ya tano ulikuya, Omer, na batoto bengine balilala pakavu. Simama, twende. Jua inaenda."

Chifu Mwenze alikuwa amesimama mwanzo wa kijiji. Wanawake walianza kupiga vigelegele, naye Mama Tshiela akainua mkono kuwasimamisha. Alipiga goti na kumwomba chifu kitu kimoja: kwamba mumewe hakuliliwa inavyopasa, na kama wataweza, wamlilie pale.

"Jina yake nani?" chifu aliuliza.

"Tshimanga."

Alasiri ile ngoma ya mtama ilisubiri. Vikongwe walikaa na Mama Tshiela chini, wakamlilia Tshimanga wa Kasai, fundi wa Kolwezi, mtu ambaye hawakuwahi kumwona, mpaka sauti zikakauka. Kwa miaka yote niliyofanya naye kazi, ndipo nilipomwona Mama Tshiela akilia. Asubuhi yake ngoma ya mtama ikaanza, akacheza.

Tangu hapo amepandisha wageni kila mwaka, hata miaka ya vita, hata mwaka mgeni alipokuwa mmoja. Amewafundisha kazi Mignonne na Mukalay, na wote wawili wanajua kwamba siku ya kwanza hakuna picha. Nyumba yake ya zamani ina watu wengine. Anaishi katika vyumba viwili mtaa wa Manika, na mwanamke anayekaa katika ile nyumba humsalimia njiani, naye humwitikia. Mwaka huu faili lake limesahihishwa. Mkurugenzi ametia sahihi, na mstari wa zamani nimeufuta kwa mkono wangu.

Wiki iliyopita nilimsindikiza stesheni kukata tiketi. Julai anakwenda Mwene-Ditu kulijenga kaburi la Tata Tshimanga. Karani wa tiketi alimwuliza kama ni ya kwenda tu.

"Ya kwenda na kurudi," alisema, akataja tarehe.

Mama Tshiela, wafanyakazi wenzako tunakushukuru kwa njia ulizotuonyesha, na kwa njia uliyoirudia ulipokuwa na haki ya kutorudi. Mungu akupe afya na miaka mirefu ya utulivu. Mikono ya kulijenga kaburi isikosekane, na saruji ishike vizuri. Tarehe uliyoitaja tumeiandika ukutani. Tutakuja stesheni kukupokea, ofisi nzima.